Nadra kwa Nani

Mwaka 1967 jarida la British Journal of Surgery lilichapisha makala ya daktari wa upasuaji, J. J. Shepherd, kuhusu wagonjwa 92 wa Uganda. Wote walikuwa wamepatwa na jambo moja. Utumbo mwembamba ulikuwa umeizunguka sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ile yenye umbo la herufi S ambayo madaktari huiita sigmoidi, na tumbo zima likawa limejifunga fundo. Ni fundo la kweli, kama lile unaloliona kwenye kamba ya mbuzi aliyezunguka mti kutwa nzima.

Hali hiyo ilikuwa imeelezwa mwaka 1845 na daktari aitwaye Parker, katika jarida la tiba la Edinburgh, akisimulia mgonjwa mmoja. Kwa zaidi ya karne moja baada yake, fundo hilo lilibaki kuwa kioja cha vitabuni. Daktari wa London angeweza kufanya kazi tangu ujana hadi kustaafu asilione hata mara moja. Kisha anatokea mtu Kampala na kuhesabu 92.

Mimi nasoma historia, si udaktari. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na majarida ya zamani ya upasuaji niliyafungua nikitafuta habari za hospitali za ukanda wa Ziwa Victoria baada ya Vita vya Pili vya Dunia: nani alifika, kwa usafiri gani, kutoka umbali gani. Neno lililonisimamisha halikuwa la kitabibu. Lilikuwa neno nadra. Fundo hili, wasema waandishi, ni chanzo nadra cha kuziba kwa utumbo. Swali la mwanahistoria hapo ni jepesi: nadra kwa nani?

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Utumbo ni bomba. Chakula na majimaji huingia juu, kinyesi na hewa hutoka chini. Bomba likiziba, vitu huendelea kuingia na kukusanyika nyuma ya kizuizi. Tumbo huvimba na kukaza kama ngoma. Maumivu huja na kuondoka kwa mawimbi, kwa sababu misuli ya utumbo inajaribu kusukuma na inashindwa. Mgonjwa hutapika. Haja kubwa hukoma, na hewa nayo hukoma. Hayo peke yake yanaweza kuua, kwa kuwa maji na chumvi za mwili hupotelea ndani ya utumbo uliojaa. Lakini utumbo ukijisokota au ukijifunga, kuna hatari nyingine ya haraka zaidi: mishipa ya damu inayoulisha hujisokota pamoja nao. Damu haipiti. Kipande kile cha utumbo hubadilika rangi, hufa na kuoza kingali ndani ya mtu aliye hai. Kwenye fundo la Shepherd, tumbo mbili hunyongwa kwa mpigo mmoja, nyembamba na pana, na mgonjwa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Kiswahili kilikuwa na neno tayari. Tumbo linapouma kwa kuja na kuondoka tunasema linasokota, na maumivu tunayaita msokoto wa tumbo. Ni neno la mikono: kamba husokotwa, nywele husokotwa, tumbaku husokotwa. Madaktari wa Ulaya walipotaka jina walikwenda kwenye Kilatini wakachukua volvulus, kutoka kitenzi chenye maana ya kuzungusha. Wametumia picha ileile. Tofauti ni kwamba neno lao linataja kitu kimoja mahususi, nalo letu linataja kila kitu, kuanzia maharage yaliyolala hadi utumbo unaokufa. Nitarudi kwenye tofauti hiyo, kwa sababu watu hufia humo.

Historia ya kutibu utumbo ulioziba ni historia ya kusubiri. Maandishi ya kale ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates yanashauri kumpulizia mgonjwa hewa kutoka chini kwa mivukuto ya mhunzi. Ukisoma haraka utacheka. Ukisoma polepole utaona kuna mantiki: ukiujaza utumbo hewa, huenda ukajinyoosha na kurudi mahali pake. Hadi leo mtoto ambaye utumbo wake umeingia ndani ya utumbo, kama mkono wa shati unapokunjwa, anaweza kutibiwa kwa hewa inayosukumwa kutoka chini huku daktari akitazama kwenye eksirei.

Tiba zilizofuata hazikuwa na busara hiyo. Kwa karne kadhaa waganga wa Ulaya walimnywesha mgonjwa zebaki. Hoja yao ilikuwa uzito: zebaki ni nzito, itashuka, itafungua njia. Mwaka 1776, katika mji wa Rouen nchini Ufaransa, mfanyabiashara wa divai aliyezibwa utumbo na uvimbe wa chini alikunywa ratili mbili za zebaki, karibu kilo nzima. Haikutoka. Daktari wa upasuaji aitwaye Pillore akamfanyia jambo ambalo lilikuwa limependekezwa kwa maneno tu: alimfungua tumbo upande wa kulia, akautoboa mwanzo wa utumbo mpana, na kuushona kwenye ngozi ili kinyesi kipate mlango mpya. Hakukuwa na nusukaputi. Mlango ulifanya kazi na tumbo likapungua. Mgonjwa alifariki siku ya 28, na alipopasuliwa baada ya kifo, sababu ilionekana. Zebaki ilikuwa bado ndani. Uzito wake ulikuwa umeburuta kipande cha utumbo mwembamba hadi chini ya nyonga, na hapo kikaoza. Upasuaji ulifaulu na dawa ikaua.

Hadithi hiyo inanikaa kichwani kwa sababu ya utaratibu wake. Kisu kilikuja mwisho, baada ya kila kitu kingine kujaribiwa, na kilipokuja kilikuta mwili umeshaharibiwa na tiba za awali. Utaratibu huo ulidumu muda mrefu, na haukudumu kwa ujinga tu. Kabla ya mwaka 1846, nusukaputi ilipoanza kutumika hadharani Boston, na kabla ya mwaka 1867, Joseph Lister alipochapisha kazi yake ya kuua vijidudu vya vidonda, kufungua tumbo kulikuwa karibu sawa na kutoa hukumu ya kifo. Kusubiri kulikuwa na maana. Baadaye maana hiyo iliisha, ila mazoea yakabaki. Mwaka 1884 Frederick Treves wa London, ambaye miaka 18 baadaye angempasua mfalme Edward VII siku mbili kabla ya tarehe ya kutawazwa, alitoa kitabu kizima kuhusu kuziba kwa utumbo. Kizazi chake ndicho kilichoanza kuligeuza swali. Badala ya kuuliza tuthubutu kupasua lini, wakauliza tumechelewa kiasi gani.

Hata hivyo wagonjwa waliopasuliwa mapema nao walikufa wengi, na ilichukua miaka kugundua kwamba walikuwa wanakauka. Mwaka 1912, jijini New York, Hartwell na Hoguet walionyesha kwamba mbwa waliozibwa utumbo waliishi muda mrefu zaidi wakipewa maji ya chumvi kwa sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Owen Wangensteen wa Minnesota alieneza mpira mwembamba uliopitishwa puani hadi tumboni ili kunyonya hewa na majimaji. Dripu ya maji ya chumvi na mpira wa puani: hivi ni vitu ambavyo leo muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuvianza kabla gari halijafika. Havifungui fundo, ila humfikisha mtu chumba cha upasuaji akiwa na mwili unaoweza kuvumilia kisu.

Msokoto wa sigmoidi peke yake, usio na fundo, ulipata njia ya upole zaidi. Mwaka 1947 Bruusgaard, daktari wa Norway, aliandika kuhusu kupitisha mpira laini kutoka chini, kupitia bomba la kutazamia, hadi ndani ya utumbo uliojisokota. Ukifika, hewa na kinyesi hutoka kwa kishindo na utumbo hujinyoosha. Mivukuto ya mhunzi ilikuwa imerudi kwa namna nyingine. Lakini utumbo uliosokotwa mara moja hupenda kusokotwa tena, kwa hiyo mgonjwa aliyepona kwa mpira bado anahitaji kukatwa kipande hicho kirefu siku nyingine, akiwa na nguvu. Na kama utumbo umeshakufa, mpira haufai kitu.

Fundo lina kanuni yake, nayo ni ngumu kwa mtu aliyelelewa kufungua mafundo. Mkono unatamani kulegeza. Madaktari walijifunza kwamba kulegeza fundo lililooza ni hatari: utumbo uliokufa ni laini kama karatasi iliyolowa, unachanika na kumwaga uchafu tumboni, na sumu zilizokuwa zimefungiwa nyuma ya fundo huingia ghafla kwenye damu. Kwa hiyo fundo lililooza hubanwa pande zote na kukatwa lilivyo. Utumbo mwembamba huunganishwa ncha kwa ncha. Utumbo mpana huunganishwa pia kama hali inaruhusu, au ncha yake hutolewa nje ya ngozi ya tumbo, na mtu huishi na mfuko wa kinyesi kwa muda.

Sasa turudi Kampala. Mwaka mmoja baada ya makala ya fundo, Shepherd alichapisha nyingine katika British Medical Journal, safari hii kuhusu tiba ya wagonjwa 425 wenye msokoto wa sigmoidi. Mia nne na ishirini na tano. Kwa nini huku? Majibu yaliyotolewa tangu wakati huo yanahusu maumbile na sahani. Baadhi ya watu wana sigmoidi ndefu inayoning'inia kwenye utando mwembamba, kama bembea yenye kamba zilizokaribiana, nayo bembea ya namna hiyo huzunguka kwa urahisi. Ongeza mlo mmoja mkubwa kwa siku, wa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na kinywaji kingi, unaoingia jioni kwenye tumbo lililoshinda tupu. Utumbo mwembamba unajaa kwa ghafla, unakuwa mzito, unaangukia upande wa kushoto na kuanza kuizunguka sigmoidi. Huo ni mlo wa mkulima. Ndiyo maana msokoto unaonekana kwa wingi kwenye ukanda ambao ramani za madaktari huupitisha Afrika, Mashariki ya Kati, India na Amerika Kusini, hadi kwenye milima ya Peru na Bolivia.

Hapa kuna jambo la kutafakari. Hospitali ya Mulago ilikuwa pia mahali pa kazi pa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeeleza mwaka 1958 ile saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake. Miaka ya 1970, akiwa amerudi Uingereza, Burkitt alipata umaarufu wa pili kwa kuhubiri nyuzinyuzi: kwamba Waafrika wa vijijini, kwa vyakula vyao visivyokobolewa, walikepushwa na magonjwa mengi ya utumbo yanayowasumbua Wazungu. Hoja yake ilibadilisha meza za kifungua kinywa za Ulaya na Marekani. Nyuzinyuzi hizohizo, kwenye sigmoidi ndefu na mlo mmoja wa jioni, ndizo zinazotajwa kwenye maelezo ya msokoto. Tumbo la mkulima wa Uganda lilitoa mafunzo mawili, na lililosafiri mbali ni lile lililomfaa msomaji wa mbali.

Natoka Muleba, mkoani Kagera, upande wa pili wa mpaka huo ambao ndizi hazijawahi kuutambua. Ndizi na maharage, rubisi kwenye sherehe, shamba tangu alfajiri. Kaka mkubwa wa mama yangu alifariki kabla sijazaliwa, akiwa na miaka thelathini na kidogo. Katika familia yetu kifo chake kina sentensi moja: tumbo lilimsokota siku mbili. Nimeisikia sentensi hiyo tangu utotoni kama unavyosikia jina la mlima, bila kufikiri kwamba ina maana. Baada ya kusoma makala ya Shepherd nilimpigia mama simu.

"Mama, mjomba alikuwa anatapika?"

"Alitapika sana."

"Tumbo lilikuwa limevimba?"

Akanyamaza kidogo. "Shati halikufunga."

"Haja je? Hewa ilikuwa inatoka?"

"Mambo hayo, mwanangu, ungemuuliza nani mtu mzima kama yule? Labda wifi yangu alijua. Naye ametangulia."

Siwezi kusema mjomba alikufa kwa msokoto wa sigmoidi, wala kwa fundo. Kidole tumbo kilichopasuka huanza vivyo hivyo, na magonjwa mengine kadhaa. Mwanahistoria hana ruhusa ya kumpasua marehemu kwa simu. Ninachoweza kusema ni kwamba sentensi ya familia yetu ingetosha kufunika wagonjwa wote 92 wa Shepherd na 425 wa mwaka uliofuata, kama wasingefika Mulago. Hao tunawajua kwa sababu walifika. Hesabu yoyote ya hospitali ni hesabu ya waliobahatika na barabara. Nyuma yake kuna hesabu nyingine, ya watu ambao tumbo liliwasokota siku mbili.

Madaktari wa upasuaji wana msemo wanaofundishana: jua lisichomoze wala kutua juu ya utumbo ulioziba. Ni msemo mzuri kwa aliye karibu na chumba cha upasuaji. Kijijini jua hutua mara ya kwanza mtu akinywa maji ya majani na kuambiwa ni chango. Huchomoza akitafutiwa pikipiki. Hutua tena njiani.

Sehemu ya ucheleweshaji huo ni umbali na fedha, na hilo halitatuliwi na insha. Sehemu nyingine ni aibu, nayo haina kabila wala cheo. Malkia Caroline wa Uingereza alipata ngiri ya kitovu baada ya kujifungua mtoto wake wa mwisho mwaka 1724, akaificha miaka 13. Novemba 1737 utumbo ulinyongwa ndani ya ngiri hiyo. Alitapika na kuumwa kwa siku kadhaa huku madaktari wa kifalme wakimnywesha dawa za tumbo bila kujua wanatibu nini, hadi mumewe, George II, alipoivunja siri. Wakachana uvimbe. Utumbo ukapasuka, na baada ya siku chache akafa. Binti aliyezaliwa ile 1724, Louise, akawa malkia wa Denmark na kufa mwaka 1751 akiwa na miaka 27, naye kwa ngiri iliyonyongwa. Ikulu mbili, madaktari tele, na sentensi ambayo haikusemwa mapema.

Baada ya makala za Mulago, elimu hii ilichukua muda kupata kitabu kinachomtazama msomaji wa huku. Maurice King, daktari aliyefanya kazi Afrika Mashariki, aliongoza uandishi wa Primary Surgery, kilichotoka kwenye mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, kwa ajili ya daktari aliye peke yake katika hospitali ya wilaya. Humo msokoto wa sigmoidi ni kazi ya kutarajiwa. Vilevile mpira wa minyoo unaoziba utumbo wa mtoto, jambo ambalo kwenye vitabu vya Ulaya lingewekwa pamoja na mawe ya nyongo yaliyopotea njia na mafundo ya nywele zilizomezwa. Mtoto wa minyoo mara nyingi huhitaji dripu, mpira wa puani na subira, kisha minyoo hupita yenyewe. Akilazimika kupasuliwa, daktari huikamua taratibu kuelekea utumbo mpana bila kuutoboa utumbo. Maarifa hayo yalikuwepo kwenye mikono ya watu wengi kabla hayajapewa kurasa.

Kwa hiyo nadra ni kipimo cha mahali mtu alipokaa akiandika. Neno hilo lina matokeo, kwa sababu daktari kijana hutafuta kile alichoambiwa kitakuja, na familia huogopa kile chenye jina. Msokoto wetu una jina ambalo limezoeleka mno hata halimtishi mtu.

Nimeanza kuwauliza wazee wa Muleba maswali manne kwa kila kifo cha tumbo wanachokikumbuka: lilivimba, alitapika, haja ilikoma, hewa ilikoma? Kwa ajili ya tasnifu yangu majibu yao ni historia. Lakini maswali yenyewe hayahitaji shahada wala kumngoja mtu afe. Yanaweza kuulizwa leo jioni, na mke, na mwana, hata na jirani, kwa sauti na bila kuona haya. Majibu yakiwa ndiyo kwa yote manne, safari ya hospitali ianze usiku huohuo.